Johannes Rebmann: Miaka 29 Rabai

Mwezi huu wa umisheni wengi mmeniuliza tuwaombee nini hasa watumishi wetu walio nje ya nchi. Tukiitwa mbele tunasema Bwana awalinde, Bwana awape matunda, halafu tunaingia ombi lingine. Leo nimeona nisiwape orodha ya mahitaji. Nitawasimulia maisha ya mtu mmoja, tuone siku za mmishenari zinapitaje.

Hapa kwetu magharibi tukitaja wamishenari tunakumbuka wale wa kanisa la Friends waliofika Kaimosi mwaka 1902, na baadaye ndugu zetu Wapentekoste wa Nyang'ori. Johannes Rebmann alifika nchi hii zaidi ya miaka 50 kabla yao wote, akashukia upande wa pwani. Alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, Ujerumani, akatumwa na shirika la CMS la London. Alipofika Mombasa mwezi Juni 1846 alikuwa na miaka 26. Umri wa vijana wetu wa kwaya.

Aliyempokea ni Johann Ludwig Krapf, ambaye jina lake mnalijua zaidi. Krapf alikuwa amekaa Mombasa miaka 2, na katika miaka hiyo alikuwa amemzika mke wake Rosine na mtoto wao mchanga, wote katika mwezi mmoja, Julai 1844. Hebu fikirini kijana anashuka melini, anapelekwa kwa mkubwa wake wa kazi, na kitu cha kwanza anachojua kuhusu nyumba hiyo ni makaburi. Hakurudi melini. Agosti mwaka huohuo wawili hao walipanda Rabai, nyuma ya Mombasa, kuanza kituo. Walipanda wakiwa wagonjwa wa homa, Krapf amekalishwa juu ya punda. Ndivyo misheni ya bara ilivyoanza: watu wawili wanatetemeka.

Rebmann alikuwa na miguu ya kutembea. Mwaka 1848 alisafiri hadi Taita na Uchaga pamoja na kiongozi wa misafara aliyeitwa Bwana Kheri na wapagazi wachache. Tarehe 11 Mei aliona mlima wenye weupe kileleni. Aliyekuwa akimwongoza hakuwa na jina la kitu kile, akakiita baridi tu. Rebmann, mtoto wa nchi ya theluji, alijua mara moja ni nini. Akaandika. Habari ikachapishwa Ulaya mwaka 1849, na mabingwa wa jiografia waliokaa London wakasema haiwezekani, theluji karibu na ikweta ni ndoto ya mtu mwenye homa. Hawajawahi kukanyaga hapa, lakini ndio waliojua. Ilichukua zaidi ya miaka 10 mpaka wasafiri wengine, wa msafara wa Mjerumani von der Decken, wakaenda wakaona wenyewe kwamba Kilimanjaro ina theluji kweli.

Watu wengi wakimkumbuka Rebmann wanaishia hapo, mlimani. Mimi naona maisha yake yanaanza baada ya hapo, kwa sababu safari zilikwisha. Mwaka 1849 alirudi Uchaga akitaka kupita mpaka ndani kabisa, lakini mfalme wa Machame akamla mali yote aliyobeba, zawadi moja baada ya nyingine, hata akabaki hana cha kuendelea nacho. Akarudi Rabai mikono mitupu. Tangu hapo aliamini kazi ya kukaa mahali pamoja. Krapf yeye aliota mnyororo wa vituo kutoka bahari moja hadi nyingine, na jambo hili liliwatofautisha. Watumishi hutofautiana, wapendwa, hata walio wawili tu porini. Hilo nalo liombeeni.

Mwaka 1851 alikwenda Cairo, akamwoa Emma, mjane Mwingereza, wakarudi pamoja. Mtoto wao mmoja alikufa akiwa bado mchanga. Wenzake nao walipungua. Wagner alikufa mara tu baada ya kufika mwaka 1849. Krapf, afya ikiwa imeharibika, aliondoka 1853. Erhardt akaondoka 1855. Hapo Rabai akabaki Rebmann na Emma.

Sasa siku yenyewe ilikuwaje? Sehemu kubwa ilikuwa kukaa chini na mtu mmoja na kuuliza maneno. Alikuwepo mtu aliyeitwa Salimini, aliyekamatwa na kuuzwa utumwani kutoka upande wa ziwa Nyasa. Kwa miaka, Rebmann alikaa naye akiandika lugha ya kwao, neno kwa neno, lugha ya watu ambao Rebmann hakuwahi kufika kwao. Aliandika pia Kinyika, kama walivyoiita wakati ule lugha ya watu ambao leo tunawaita Wamijikenda, na akatafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Kazi ya namna hii haina ushuhuda wa kusimulia Jumapili. Leo umepata maneno machache, kesho unagundua mawili kati yake uliyasikia vibaya. Barua ya Ulaya inachukua miezi kwenda na miezi kurudi, hivyo ukiuliza swali unajibiwa wakati swali lenyewe umeshalisahau.

Mwaka 1857 Wamaasai walivamia nyuma ya Mombasa, Rebmann na Emma wakakimbilia Zanzibar, wakakaa kama miaka 2. Waliporudi walianza tena karibu kutoka mwanzo.

Na waliookoka? Wa kwanza kabisa alikuwa mlemavu aliyeitwa Mringe, akabatizwa kitandani akiwa karibu kufa. Baadaye sana akaja Abe Gunja na mwanawe Nyondo, ambaye kwa ubatizo aliitwa Isaac. Kisha wengine, wa kuhesabika. Mwaka 1866 Emma akafariki. Rebmann alikaa. Macho yakaanza kwenda, hata akawa kipofu, na bado akakaa. Wageni waliopanda Rabai miaka ya 1870 walimkuta mzee asiyeona katikati ya kikundi kidogo cha Wakristo, na kituo ambacho mtu wa hesabu angekiita hasara.

Niseme ukweli kwa nini habari hii imenishika. Mimi nilisomea biashara, na katika kamati ya umisheni ndiye ninayepokea ripoti. Kuna familia tunayoisaidia ng'ambo ya mpaka, huu mwaka wa nne. Kwenye fomu yetu kuna safu ya waliookoka, na mara nyingi wao hujaza sifuri. Mwezi wa pili niliandika pendekezo kwamba msaada wao upunguzwe, pesa ielekezwe mahali penye mavuno. Kwa hesabu nilikuwa sawa. Nimejaribu kuijaza fomu hiyohiyo kwa niaba ya Rebmann, mwaka kwa mwaka. Ningemkata msaada mwaka 1850, na tena kila mwaka baada ya hapo.

Mwaka 1875 alikubali kurudi kwao, baada ya miaka 29 bila kuiona Ulaya hata siku moja. Kipofu hasafiri peke yake. Aliyemshika mkono ni Isaac Nyondo, yule mtoto wa Abe Gunja, akavuka naye bahari mpaka Ulaya. Nyondo baadaye alirudi Rabai. Rebmann alikaa Korntal, Ujerumani, karibu na Krapf, mwenzake wa zamani, akafa tarehe 4 Oktoba 1876. Mwaka huohuo Luka ya Kiswahili ilitoka kwenye mashine ya chapa. Mwaka uliofuata ikatoka kamusi ya lugha ya Salimini, ikiwa imeandaliwa na Krapf. Yaani wale wawili waliotofautiana, mmoja alimalizia kazi ya mwingine. Na nyumba ya Rebmann bado iko Rabai. Ukipanda basi la usiku kwenda Mombasa, ukifika huko si mbali, nendeni mwone.

Pendekezo langu nimeliondoa. Kamati inakutana Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili na nitaeleza mwenyewe. Kabla ya hapo nilimwandikia ndugu yetu yule, safari hii bila fomu. Nikamuuliza wanalala vipi, watoto wanasoma wapi, na akichoka huwa anaongea na nani. Alijibu usiku huohuo. Alisema mama watoto ana miezi mitatu anaumwa mgongo hata kuchota maji hawezi, na hakuwahi kutuambia kwa sababu kwenye ripoti hapakuwa na mahali pa kuandika.

Jumatano jioni kwenye maombi tutaanza na mgongo wa huyo mama.