Roger Casement: Shahidi wa Kongo aliyeponzwa na shajara zake

MNAMO Agosti 3, 1916, Roger Casement alinyongwa katika gereza la Pentonville, London, kwa kosa la uhaini. Miaka mitano awali, ufalme uo huo wa Uingereza ulikuwa umemtunuku cheo cha 'Sir'.

Alizaliwa karibu na Dublin mwaka 1864, Ireland ikingali chini ya Uingereza. Alifika Kongo angali kijana, na hatimaye akawa balozi mdogo wa Uingereza huko. Mwaka 1903 aliupanda mto Kongo, akawasikiliza wanavijiji na kunakili masaibu yao: viboko, utekaji wa wanawake na mikono iliyokatwa, yote kwa sababu ya utomvu wa mpira uliomtajirisha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Ripoti yake ya 1904 ilichangia pakubwa mfalme huyo kupokonywa Kongo mwaka 1908.

Aliyoyaona huko yalimfanya aitazame Ireland, nchi yake mwenyewe, kama koloni. Vita Vikuu vilipozuka 1914, alikwenda Ujerumani kutafuta silaha. Aprili 21, 1916, siku tatu kabla ya maasi ya Dublin, nyambizi ya Kijerumani ilimleta hadi pwani ya Kerry. Alikamatwa siku iyo hiyo.

Alipohukumiwa kifo, watu mashuhuri walimwombea msamaha. Lakini maafisa wa serikali walikuwa wakionyesha kisirisiri kurasa za shajara zilizosimulia mahusiano yake ya kimapenzi na wanaume, jambo lililokuwa jinai enzi hizo. Watetezi wengi wakanyamaza.

Je, zilikuwa zake kweli? Waayalandi wengi walishikilia kwamba zilighushiwa, na serikali iliyozificha hadi 1959 haikusaidia kuondoa shaka hiyo. Wanahistoria walilinganisha yaliyomo na barua zake pamoja na nyaraka za kibalozi. Mwaka 2002, uchunguzi wa mwandiko ulibainisha kuwa ni wake, ingawa wapo wasioridhika hadi leo. Ajabu ni kwamba mojawapo ya shajara hizo ni ya 1903, na ndiyo inayomwezesha msomi kumfuata Casement siku baada ya siku katika safari ile ya Kongo.

Mabaki yake yalirejeshwa 1965 na kuzikwa kwa heshima za kitaifa katika makaburi ya Glasnevin, Dublin. Mwenyewe alitaka kulazwa Murlough Bay, Antrim, lakini Uingereza, ambayo bado inatawala sehemu hiyo, ilikataa.