JANE ADDAMS: PAA MOJA, HUDUMA NYINGI

Mwaka huu nawaletea habari za Jane Addams, mwanamke wa Marekani aliyefariki zamani lakini kazi yake yanigusa mpaka leo.

Jane alizaliwa tarehe 6 Septemba 1860 katika kijiji cha Cedarville, jimbo la Illinois. Mamake alifariki Jane akiwa na umri wa miaka miwili tu. Kisha kifua kikuu cha uti wa mgongo kikamwacha na mgongo uliopinda. Kwa kuwa babake alikuwa tajiri, alisoma vizuri, ila baada ya masomo alikaa miaka kadhaa bila kujua afanye nini. Mwaka wa 1888 alizuru Toynbee Hall huko London, ambako vijana waliosoma waliishi katikati ya maskini. Hapo ndipo alipopata mwanga.

Mnamo Septemba 1889, yeye na rafikiye Ellen Gates Starr walihamia Hull House, nyumba kuukuu mjini Chicago. Majirani walikuwa wahamiaji kutoka Italia, Ujerumani, Urusi na kwingineko. Jamani, shida zao zilikuwa zimeshikana kama ukili wa mkeka! Mama akienda kibaruani, mtoto anabaki peke yake. Mtoto akiugua, mama anafutwa kazi. Kazi ikiisha, kodi ya nyumba hailipwi. Ukimtibu mtoto tu, bado hujamaliza kitu.

Jane alilielewa jambo hilo. Mahali pamoja palipatikana shule ya chekechea, malezi ya watoto wa akina mama wafanyakazi, jiko la chakula cha bei nafuu, bafu, ofisi ya kutafutia watu kazi na masomo ya jioni. Yeye na wenzake walipigania pia sheria ya viwanda ya 1893, na mahakama ya watoto iliyofunguliwa Chicago mwaka wa 1899, ya kwanza Marekani. Takataka zilipozagaa, mwaka wa 1895 alikubali kuwa mkaguzi wa taka wa wadi yao, akawa anarauka alfajiri kuyafuata magari ya taka.

Alipopinga Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi waliomsifu walimgeuka. Hakutikisika. Mwaka wa 1931 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Marekani kuipata. Alifariki tarehe 21 Mei 1935.

Mtaani kwetu nimemwona mjane akizungushwa na watoto wake. Ofisi hii yamtuma ile, ile yamwambia arudi kesho, na kila mahali aanze hadithi upya mpaka nauli inamwishia. Huduma zipo, lakini hazijuani! Kidole kimoja hakivunji chawa, wasomaji. Siku tutakapokuwa madaktari, walimu na machifu, tujuane, ili mnyonge abishe mlango mmoja tu.