Chuma: Mtumwa aliyekombolewa, akamaliza safari Bagamoyo

Na Mwandishi Wetu

UKIFIKA katika viwanja vya misheni ya Kikatoliki mjini Bagamoyo, kiasi cha kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, utaoneshwa mnara mkongwe wa kanisa unaojulikana kwa jina la Mnara wa Livingstone. Jina hilo huwafanya wengi wadhani kwamba mmisionari na mpelelezi huyo Mskoti aliishi hapo. Ukweli ni kwamba aliletwa humo akiwa maiti, Februari 1874, mabegani mwa Waafrika waliomchukua kutoka bara kwa muda wa miezi tisa. Miongoni mwa waliouongoza msafara huo alikuwamo kijana wa Kiyao aliyeitwa James Chuma.

Chuma alizaliwa yapata mwaka 1850 katika nchi za kusini mwa Ziwa Nyasa, wakati biashara ya watumwa ilipokuwa imepamba moto. Akiwa bado mtoto alikamatwa na kuuzwa. Julai 1861, msafara wa watumwa aliokuwamo ulikutana na Dk. David Livingstone na Askofu Charles Mackenzie wa misheni ya UMCA katika nyanda za Shire, katika nchi ambayo leo ni Malawi. Watumwa hao wakafunguliwa, na Chuma akapelekwa kulelewa katika misheni ya Magomero.

Misheni hiyo haikudumu. Mwaka 1864 Livingstone aliwachukua Chuma na mwenzake Wikatani, wakavuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay, India, kwa meli ndogo ya Lady Nyassa. Huko wakasomeshwa katika shule ya Dk. John Wilson, na mwaka 1865 wakabatizwa. Chuma akapewa jina la James.

Machi 1866 kijana huyo alishuka tena katika ardhi ya Afrika, Mikindani, akiwa katika msafara wa mwisho wa Livingstone. Wikatani hakwenda mbali, kwani katika mwaka huo huo aliagana na wenzake karibu na Ziwa Nyasa, akasema amewapata ndugu zake. Chuma akaendelea.

Hata hivyo, si haki kumsimulia Chuma kama mtu asiyeteleza. Mwaka 1868, Livingstone alipotaka kwenda Ziwa Bangweulu, wengi wa watu wake walichoka wakakataa kumfuata, na Chuma alikuwa mmoja wao. Livingstone alikwenda na wachache, na aliporejea aliwapokea tena waliomwacha, akikiri kwamba naye ana udhaifu wake. Kuanzia hapo Chuma hakumwacha tena. Aliyesamehewa alirudi kazini, akabeba, akapika, akatembea, siku baada ya siku, kwa miaka mingine mitano.

Usiku wa kuamkia Mei 1, 1873, Livingstone alifariki dunia katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Chuma alikuwa na umri wa kama miaka 23. Hapakuwa na Mzungu wa kutoa amri, wala hakuna ambaye angewalaumu kama wangemzika pale pale, wakagawana mali na kutawanyika. Maiti ilikuwa mzigo wa hatari. Vijiji vingi viliiogopa, na watawala wa njiani wangeweza kudai hongo kubwa au kupigana.

Chuma na Abdullah Susi, Mwislamu kutoka Shupanga katika bonde la Zambezi, waliwakusanya wenzao, na kwa pamoja wakakubaliana kuupeleka mwili pwani. Uamuzi huo ulikuwa mkubwa, lakini ulitekelezwa kwa mambo madogo madogo. Kwanza walihesabu mali ya marehemu, na Jacob Wainwright, kijana Mkristo aliyesoma Nasik, India, akaandika orodha yake. Kisha wakajenga boma nje ya kijiji. Moyo na viungo vya ndani wakavizika chini ya mti wa mpundu, Wainwright akasoma sala za maziko na kuchonga maandishi kwenye gome la mti huo. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani kwa siku 14, wakaufunga kwa kitambaa cha amerikani, gome la mti na turubai, wakautundika kwenye mti wa kubebea.

Njiani waliugua, hata msafara ukasimama kwa wiki kadhaa. Baadhi walikufa. Mahali pamoja walilazimika kupigana ili wapite. Oktoba 1873, Chuma alitangulia Unyanyembe, karibu na Tabora, akiwa na barua ya kutoa habari ya msiba. Huko alimkuta ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron alishauri mwili uzikwe hapo hapo ili kuepuka hatari za njiani. Wapagazi hao walikataa. Chuma aliyewahi kukataa kwenda mbele kwa sababu ya uchovu, safari hii alikuwa miongoni mwa waliokataa kusimama.

Walipofika Kasekera, wenyeji walikataa kabisa maiti isipite. Wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, baadhi yao wakayabeba usiku kana kwamba wanairudisha Unyanyembe, kisha wakayatupa porini. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama mtumba wa nguo, wakasonga mbele. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600, na mwili ukalazwa katika kanisa la Mapadri wa Roho Mtakatifu.

Kwa wapagazi, Bagamoyo palikuwa mahali pa kutua mzigo na kupumzisha moyo. Kwa watu hawa mapumziko yalikuwa machungu. Kaimu Balozi wa Uingereza, Kapteni Prideaux, aliuchukua mwili kwa meli ya kivita, akawalipa ujira wao na kuwaachisha kazi. Livingstone alipozikwa Westminster Abbey, London, Aprili 18, 1874, ni Wainwright peke yake miongoni mwao aliyekuwapo. Chuma na Susi waliitwa Uingereza baadaye, kwa gharama ya James Young, rafiki wa marehemu, wakamsaidia Mchungaji Horace Waller kuandaa kumbukumbu za safari za mwisho za Livingstone. Medali zilitengenezwa kwa ajili ya msafara huo, lakini wengi waliostahili walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Chuma hakubaki kuishi kwa sifa. Aliporudi Zanzibar aliitumikia misheni ya UMCA akiwa kiongozi wa misafara, na mwaka 1875 alimfikisha Askofu Edward Steere kwa Mataka, mtawala wa Wayao. Mwaka 1879 alikuwa mnyapara wa msafara wa Keith Johnston ulioanzia Dar es Salaam. Johnston alipokufa Behobeho wiki chache baadaye, uongozi ulimwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Kwa mara nyingine Chuma alikuwa na msafara uliofiwa na mkuu wake. Akabaki na Thomson hadi kwenye maziwa makuu, na mwaka 1880 wakarejea pwani salama.

Si rahisi kupima imani ya mtu aliyefariki zamani hivyo, na Susi, ambaye alibatizwa mwaka 1886 tu, alibeba mzigo ule ule kwa uaminifu ule ule. Lakini ubatizo wa Bombay haukumfanya Chuma mhubiri maarufu. Utii wake ulionekana katika kazi iliyokuwa mbele yake siku hiyo: kurudi baada ya kukosea, kupeleka barua, kuvuka mto mmoja, kisha mwingine.

Chuma alifariki dunia mwaka 1882 katika hospitali ya UMCA, Zanzibar, kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa takriban miaka 32. Katika mji huo huo, penye soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, lilikuwa limekwisha kusimama Kanisa Kuu la Mkunazini. Ndani yake leo upo msalaba uliotengenezwa kwa mbao za mti wa Chitambo, mahali ambapo mtoto aliyewahi kuuzwa alianza kuufunga mzigo wake.