Grace Hopper: Mwanamke aliyegawa msimbo wa programu miaka 55 kabla ya GitHub

Leo kijana mwenye laptop anapandisha msimbo wa programu yake GitHub, mtu asiyemjua kabisa anaushusha, anarekebisha kosa, kisha anamrudishia. Hakuna anayeshangaa.

Lakini kuna wakati mtu kumpa mwingine msimbo wake wote halafu akamwomba auboreshe lilikuwa jambo geni. Mmoja wa waliolianzisha ni mwalimu wa hesabu aliyekataliwa jeshini kwa sababu ya umri na wembamba.

Grace Hopper alizaliwa New York, Marekani, tarehe 9 Desemba 1906. Alipokuwa na miaka 7 alifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi. Kuirudishia kukamshinda. Akafungua ya pili, ya tatu, mpaka saa saba za pale nyumbani zikawa vipande. Mama yake hakumchapa. Alimwachia saa moja tu ya kuchezea, basi.

Alisoma hesabu na fizikia katika Chuo cha Vassar, akapata shahada ya uzamivu Yale mwaka 1934, akawa mwalimu. Vita Kuu ya Pili ilipofika Marekani alitaka kuingia jeshi la majini. Wakamwambia umri umepita na uzito wake umepungua kwa karibu kilo 7. Akahangaika hadi akapata kibali maalumu, na Desemba 1943 akaapishwa. Kwenye mafunzo alimaliza wa kwanza darasani.

Hakupelekwa melini. Mwaka 1944 alipangiwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye mashine iliyoitwa Mark I.

Madaftari ya kuazimana

Mark I ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15 na uzito wa karibu tani 5. Haikuwa na skrini wala kibodi kama hizi tunazozijua. Maelekezo yake yalisomwa kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa matundu, na tundu moja likikosewa, hesabu nzima imeharibika.

Hopper na wenzake, Richard Bloch na Robert Campbell, walikuwa na madaftari. Mtu akipata kipande cha maelekezo kinachofanya kazi vizuri, anakiandika humo. Mwenzake akikihitaji wiki ijayo, anaazima daftari na kunakili kwa mkono.

Kuna kitu Hopper alikigundua hapo ambacho kilimfuata maisha yake yote: watu hawajui kunakili. Tarakimu inasomwa vibaya, mstari unarukwa. Na kila kipande kilipohamishiwa kazi nyingine ilibidi namba zake zijumlishwe upya. Kumbe hata wataalamu wa hesabu wanakosea kujumlisha, tena sana.

Halafu kuna kile kisa cha nondo. Tarehe 9 Septemba 1947 mashine mpya, Mark II, ilikorofisha. Mafundi wakamkuta nondo amenasa kwenye swichi namba 70. Wakambandika kwa selotepu kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba mdudu halisi amepatikana.

Mitandaoni utasoma kwamba Hopper ndiye aliyemkuta na ndiye aliyebuni jina la mdudu kwa maana ya hitilafu. Si kweli. Mafundi walikuwa wakiliita hivyo tangu enzi za Thomas Edison, na nondo yule alikutwa na wengine. Yeye alikipenda tu kisa na kukisambaza. Kitu cha kutazama pale ni daftari lenyewe: hitilafu imetokea, imeandikwa saa na mahali, ushahidi upo, wa zamu inayofuata atajua. Anayeandika ripoti ya hitilafu leo anafanya kazi ileile, bila selotepu.

Mashine ijitafutie yenyewe

Mwaka 1949 mkataba wake Harvard uliisha bila nafasi ya kudumu. Ndoa yake ilikuwa imevunjika miaka minne kabla, na pombe ilikuwa imeanza kumsumbua. Alikuwa na miaka 42. Akahamia Philadelphia, kwenye kampuni changa ya Eckert-Mauchly iliyokuwa ikitengeneza kompyuta ya UNIVAC. Mwaka uliofuata kampuni ikanunuliwa na Remington Rand.

Huko ndiko wazo la madaftari likakomaa. Kama binadamu hajui kunakili, kwa nini kazi hiyo isipewe mashine? Hopper akakusanya vipande vilivyokwisha kujaribiwa, akaviweka kwenye utepe wa sumaku, kila kimoja na namba yake ya kukiita. Mtengeneza programu anaandika orodha ya namba anazotaka, na kompyuta inavitafuta, inavipanga, inatoa programu kamili.

Hiyo ndiyo A-0, kompaila yake ya kwanza, ya mwaka 1952. Ilikuwa inafanya kazi, lakini wengi hawakutaka hata kuigusa. Walishikilia kwamba kompyuta ni ya kufanya hesabu, haiwezi kuandika programu. Tuseme ukweli, kulikuwa na wivu wa kazi pia. Waliojua lugha ya mashine walikuwa wachache na walijiona kama waganga wenye siri. Mtu anayetaka kila karani aweze kuandika programu hakuwa rafiki yao.

Mwaka 1953 ikaja A-2. Wateja wenye UNIVAC walipelekewa mfumo pamoja na msimbo wake wote, wakaombwa wakiuboresha warudishe maboresho. Ndiyo sababu A-2 hutajwa mara kwa mara kama mfano wa awali kabisa wa programu huria. Hopper hakufanya hivyo kwa huruma. Timu yake ilikuwa ndogo, na makosa yaliyokuwa kwenye kazi za wateja yangeonwa kwanza na wateja wenyewe.

Akasonga mbele na FLOW-MATIC, lugha iliyotumia maneno ya kawaida ya Kiingereza. Kuwaonyesha mabosi kwamba kompyuta haijali maneno gani yanatumika, aliandaa toleo la Kifaransa na la Kijerumani. Kwa simulizi lake, mabosi waliogopa: kompyuta ya Marekani iweje ielewe Kijerumani?

FLOW-MATIC ikawa msingi mkubwa wa COBOL, iliyoanza kwa mkutano wa Pentagon mwaka 1959. COBOL ilikuwa kazi ya kamati na yeye alikuwa mshauri, ingawa wengi humwita mama yake. Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta mbili za kampuni mbili tofauti, UNIVAC II na RCA 501. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka. COBOL bado ipo hadi leo. Mwaka 2020 jimbo la New Jersey liliomba hadharani watu wanaoijua, baada ya mfumo wake wa mafao ya wasio na ajira kuzidiwa.

Jeshi lilimstaafisha mwishoni mwa 1966. Miezi saba baadaye likamwita tena, kwa miezi sita tu. Akakaa miaka 19. Kazi yake ilianza na fujo: kila kampuni ilikuwa na COBOL yake, na programu ya huku haikukubali kule. Hopper na kikosi chake wakaandika programu za majaribio za kupima kompaila za makampuni, ili ijulikane ipi inafuata kanuni na ipi inadanganya.

Wakati huohuo akazunguka kufundisha, mkononi ana vipande vya waya vya karibu sentimita 30, umbali ambao mwanga unakwenda kwa nanosekunde moja. Ofisini alikuwa na saa inayozunguka kinyume, kwa ajili ya wale wanaosema kazi haibadilishwi kwa kuwa imefanywa hivyo siku zote.

Alistaafu Agosti 1986 akiwa na miaka 79 na cheo cha admirali, kwenye meli ya kale USS Constitution mjini Boston. Alifariki tarehe 1 Januari 1992 na kuzikwa makaburi ya Arlington.

Miezi minne kabla ya hapo, mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, alikuwa ametangaza mfumo aliokuwa akiuandika, akiomba maoni ya watu asiowajua. Mfumo huo ni Linux. Mwaka 2005 huyohuyo akaandika Git.