Frederick Selous: mwindaji aliyefunzwa na bega lake kupima baruti

Ukishika barabara kuu kutoka Morogoro kwenda Iringa na kupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, upande wako wa kushoto kuna pori linaloendelea kusini hadi kwenye mto Rufiji. Wazee wa Kilosa, Kisaki na Kidodi wamelijua pori hilo kwa jina la Selous tangu enzi za Mwingereza. Jina hilo tunalitaja kila siku, lakini wengi wetu hatumjui mtu aliyelibeba.

Leo tunasimulia maisha ya Frederick Courteney Selous, na tunayatazama kupitia jambo moja: bunduki zake na namna zilivyojazwa. Katika jambo hilo limo somo ambalo kila mwenye gobore kijijini anapaswa kulijua.

Kijana aliyeibiwa bunduki

Selous alizaliwa London, Uingereza, tarehe 31 Desemba 1851. Familia yake ilikuwa na uwezo, na ilitaka asome awe mtu wa kazi ya heshima mjini. Yeye alitaka kwenda Afrika kuwinda tembo. Mwezi Septemba 1871, akiwa na miaka 19, alishuka melini huko Afrika Kusini akiwa na pauni 400 mfukoni na bunduki nzuri mkononi.

Bunduki ile haikufika porini. Iliibwa kwenye gari la ng'ombe akiwa njiani kwenda kwenye machimbo ya almasi ya Kimberley. Kijana akabaki na hamu ya kuwinda na fedha kidogo, akanunua alichoweza: magobore mawili makubwa yaliyotengenezwa Birmingham kwa bei ya pauni sita kila moja. Hayakutengenezwa kwa ajili ya tembo. Yalikuwa bunduki za kupigia bata.

Tuyaeleze magobore hayo. Kila moja lilikuwa na uzito wa karibu kilo sita, na tundu la mtutu lilikuwa na upana wa kama inchi moja. Risasi yake ilikuwa goroli la madini ya risasi lenye uzito wa karibu gramu 113. Baruti ilikuwa ile nyeusi ya kawaida iliyouzwa kwa wafanyabiashara, na Selous aliibeba katika mfuko wa ngozi ubavuni. Hakuwa na kipimo. Alitia mkono mfukoni, akatoa konzi ya baruti, akaimimina mtutuni, akashindilia goroli juu yake, akaweka fataki, kisha akafyatua.

Konzi ya mkono si kipimo

Kwa silaha hizo alikwenda kuomba ruhusa kwa Lobengula, mfalme wa Wandebele, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Mfalme alimwona ni mtoto, akamcheka, lakini akamruhusu. Kati ya mwaka 1872 na 1874 kijana huyo aliua tembo 78 kwa magobore yale, na wote isipokuwa mmoja aliwapiga akiwa kwa miguu. Farasi hawakuweza kuishi katika maeneo yale kwa sababu ya mbung'o, wadudu ambao watu wa Mikumi hawahitaji kuelezwa.

Ukisikia idadi hiyo unaweza kudhani konzi ya baruti ilifanya kazi nzuri. Ukweli ni kwamba ilifanya kazi kwa gharama kubwa, na waliolipa ni wawili: mnyama na mwindaji.

Mkono unaochota baruti asubuhi ukiwa mkavu si sawa na mkono unaochota mchana ukiwa na jasho na hofu. Konzi moja inazidi, nyingine inapungua. Baruti ikizidi, risasi inakwenda kwa kasi zaidi na kupiga juu. Ikipungua, inapiga chini. Tena mtutu wa gobore hauna mifereji ndani, kwa hiyo goroli halizunguki likitoka, nalo hupotea njia baada ya hatua chache. Ndiyo maana Selous alilazimika kumkaribia tembo sana. Mnyama akipigwa mahali pasipo penyewe huondoka na jeraha, akafia mbali kwa mateso au akageuka kumfuata mtu.

Kwa mwindaji, gharama ilikuwa teke la bunduki. Siku moja gobore lilikataa kulipuka. Msaidizi wake, akidhani halina kitu, akalijaza tena juu ya ile baruti ya kwanza. Selous alipofyatua, bunduki ilimnyanyua kutoka ardhini na kumtupa kifudifudi mchangani. Kitako kilivunjika vipande, ingawa kilikuwa kimefungwa kwa ngozi ya sikio la tembo iliyokauka na kuwa ngumu kama chuma. Bunduki yenyewe iliruka ikaanguka nyuma yake. Shavu lilichanika, akabaki na kovu.

Jeraha la shavu lilipona. Ambalo halikupona vizuri ni woga wa mwili. Baada ya maelfu ya mateke yale, bega na macho vilijifunza kujikunyata kabla ya mlio. Miaka mingi baadaye, hata akishika bunduki nyepesi, mwili wake ulikuwa ukishtuka wakati wa kuvuta. Mwenyewe aliandika kwamba alijuta kuwahi kuyatumia magobore yale. Watu waliomfahamu walisema jina lake lilikuwa kubwa kuliko shabaha yake, na yeye hakuwapinga.

Bunduki mpya na kipimo chake

Aliporudi Afrika mwaka 1876 baada ya kwenda kwao, dunia ya bunduki ilikuwa inabadilika. Katika miaka iliyofuata silaha aliyoipenda ilitoka kwa fundi George Gibbs wa mji wa Bristol. Ndani yake zilikutana akili za watu wawili wengine. John Farquharson wa Scotland alikuwa amebuni mwaka 1872 namna ya kufungua bunduki kwa nyuma na kutia risasi moja moja, kwa chuma imara kinachoshuka na kupanda. William Metford, mhandisi wa Uingereza, alikuwa ametumia miaka mingi kuchunguza mifereji ya ndani ya mtutu.

Metford aliona kwamba mifereji mirefu kwenda chini haihitajiki. Mifereji ya juu juu inatosha, mradi kichwa cha risasi kiwe kigumu kidogo kuliko madini ya risasi yaliyo laini. Mifereji hiyo hukizungusha kichwa, na kitu kinachozunguka hushika njia yake, kama pia la watoto linavyosimama wima likiwa linazunguka.

Lakini mtutu mzuri peke yake hautoshi. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti, na kichwa. Wawindaji wa zama hizo waliokaa porini miezi mingi walikuwa na desturi ya kuokota maganda yaliyotumika na kuyajaza upya. Maduka yalikuwa mbali, na ganda moja liliweza kutumika tena na tena.

Ustadi wa kazi hiyo, kwao na kwa mafundi wa viwandani, uko katika kurudia kitu kilekile bila kukosea. Kila bunduki mpya ina tabia yake. Mbili zilizotoka kwa fundi mmoja wiki moja zinaweza zisikubaliane na risasi ya aina moja. Kwa hiyo fundi hutengeneza mafungu kadhaa ya risasi, kila fungu likitofautiana kidogo tu na lingine kwa uzito wa baruti uliopimwa kwenye mizani. Kisha hupiga kila fungu kwenye karatasi, bunduki ikiwa imeegemezwa, na kutazama matundu. Fungu ambalo matundu yake yamekaribiana kuliko mengine ndilo linaloipendeza bunduki ile. Hatazami lipi limepiga kwa nguvu zaidi. Mara nyingi lenye nguvu kupita yote ndilo linalotawanya matundu.

Hapo ndipo tofauti ya konzi na mizani inapoonekana. Mwindaji akijua kwamba risasi ya kumi itakwenda palepale ilipokwenda ya kwanza, hahitaji tena kutegemea ukubwa wa kishindo. Anachagua mahali pa kupiga, au anaacha kupiga.

Moshi ulipoondoka

Badiliko kubwa zaidi lilikuja mwaka 1884, Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi. Baruti nyeusi huacha wingu jeupe mbele ya mpigaji na masizi ndani ya mtutu, na masizi hayo huharibu shabaha. Baruti mpya ilikuwa na nguvu zaidi kwa uzito mdogo, hivyo risasi ikawa nyembamba na teke likapungua. Selous wa miaka ya baadaye alibeba bunduki nyembamba ambazo kijana wa mwaka 1872 angezicheka.

Kufikia wakati huo hakuwa tena mwindaji wa pembe tu. Alikusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho, aliandika vitabu, na mwaka 1909 alisafiri meli moja hadi Mombasa na Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kumaliza urais wa Marekani, baada ya kumsaidia kupanga safari yake ya uwindaji.

Hatuwezi kuacha upande mwingine wa maisha yake. Mwaka 1890 Selous ndiye aliyeongoza njia ya msafara wa watu wa Cecil Rhodes kuingia Mashonaland, na nchi ile ikatwaliwa kutoka kwa wenyewe. Njia alizozijua kwa sababu wenyeji walimpokea na kumwonyesha, alizitumia kuwaingiza watawala. Na tembo wa huko aliwaona yeye mwenyewe wakipungua ndani ya miaka michache, kwa bunduki zake na za wenzake.

Vita vinafika Kilosa

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Selous alikuwa na miaka 62. Alikataliwa kwa ajili ya umri, akasisitiza, na mwaka 1915 akaja Afrika Mashariki na kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers.

Upande wa Wajerumani, chini ya Lettow-Vorbeck, askari wengi Waafrika walianza vita wakiwa na bunduki za mwaka 1871 zinazotumia baruti nyeusi. Kila walipopiga, moshi ulionyesha walipojificha. Ndiyo maana ushindi wao wa Tanga mwezi Novemba 1914 ulikuwa na thamani kubwa: waliteka mamia ya bunduki mpya na risasi 600,000. Watu wa Kilosa walikwishaonja tofauti ya silaha miaka tisa kabla, vita vya Maji Maji vilipofika huku mwaka 1905 na magobore na mikuki ikakutana na bunduki za serikali ya Kijerumani.

Mwezi Agosti 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Kilosa na Morogoro, na Wajerumani wakarudi nyuma kusini, kupita mto Mgeta kuelekea Rufiji. Selous alikuwa amerudishwa kwao kwa matibabu katikati ya mwaka huo. Alipewa nishani ya kijeshi ya DSO, akarudi mwezi Desemba, na akaandamana na wenzake kutoka kwenye reli ya kati hadi Mgeta.

Tarehe 4 Januari 1917, siku nne baada ya kutimiza miaka 65, Kapteni Selous alikuwa mbele ya kundi lake mahali paitwapo Beho Beho. Mdunguaji alimpiga risasi moja kichwani, akafa hapohapo. Alizikwa chini ya mkwaju, na kaburi lake liko pale mpaka leo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile ya 4 Januari, mwanawe Freddie aliyekuwa rubani aliuawa vitani Ulaya.

Jina lililobaki

Mwaka 1922 serikali ya Uingereza ililipa pori lile jina la Selous. Mikumi ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1964. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori, pamoja na Beho Beho, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na sehemu iliyobaki inaendelea kuitwa Pori la Akiba la Selous.

Katika miaka ya 1970 tembo wa eneo hili walihesabiwa kuwa zaidi ya 100,000. Mwaka 2013, baada ya ujangili wa miaka mingi, walibaki takriban 13,000 tu katika Selous na Mikumi kwa pamoja. Mnyama aliyewakimbia wawindaji wa Selous kule kusini alikimbizwa na wengine huku kwetu, ndani ya pori lenye jina lake.

Gobore nalo bado lipo vijijini, hasa kwa kulinda mashamba dhidi ya ngedere na nguruwe, na bado wapo wanaolijaza kwa konzi. Mtutu uliochomelewa na baruti iliyozidi hupasuka usoni mwa mwenyewe. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kutengeneza silaha au risasi bila kibali, na kuwinda bila leseni ni kosa. Tembo akiingia shambani, mwite ofisa wanyamapori au mjulishe mwenyekiti wa kijiji mapema. Usimpige kwa gobore. Kijana mwenye mtutu wa inchi moja na risasi ya gramu 113 alilazimika kuwasogelea karibu kabisa ili awaangushe, na bado alibaki na kovu shavuni na mwili ulioshtuka maisha yake yote. Gobore la kufukuzia ngedere litamjeruhi tembo tu, na tembo aliyejeruhiwa hurudi kwa jirani yako.