Tuulize mfupa kabla ya kumlaumu mtoto

Mtoto akivunjika mguu kwa kuanguka kitini, wengi wetu husema alikuwa mtukutu, au mlezi alizembea, au kuna jirani mwenye kijicho. Ni nadra mtu kuuliza iwapo mfupa wenyewe ulikuwa mzima. Kosa hili si la maskini wala la wasiosoma. Liliwapata hata makabaila wa Ufaransa.

Henri de Toulouse-Lautrec alizaliwa mjini Albi, kusini mwa nchi hiyo, tarehe 24 Novemba 1864. Baba yake alipenda mno farasi na uwindaji, akatumaini kwamba mwanawe angefuata nyayo hizo. Haikuwa hivyo. Mwaka wa 1878, akiwa na umri wa miaka 13, Henri aliteleza akiinuka kitini, akavunjika paja la kushoto. Mwaka uliofuata alianguka tena, likavunjika la kulia. Tangu hapo miguu yake haikurefuka. Kiwiliwili kilikuwa cha mtu mzima, miguu ikabaki ya kitoto, naye akatembea kwa mkongojo.

Kwa muda mrefu lawama zilitupiwa ajali hizo mbili. Hata hivyo, mwaka wa 1962 madaktari Wafaransa, Maroteaux na Lamy, walieleza ugonjwa adimu wa kurithi uitwao piknodisostosisi, na mwaka wa 1965 wakatoa rai kwamba ndio uliomsibu Henri. Wapo wataalamu wanaoipinga rai hiyo, lakini dalili zenyewe zafaa zijulikane. Mtoto huwa mfupi kuliko wenzake. Utosi huchelewa kufunga, au usifunge kabisa. Kidevu hurudi nyuma na meno husongamana. Ncha za vidole huwa fupi na butu. Eksirei huonyesha mifupa mizito kupita kiasi, ilhali huvunjika kwa jambo dogo.

Ajabu hiyo ina sababu. Mwili hubomoa mfupa mkuukuu ili ujenge mpya. Mwaka wa 1996 iligunduliwa kwamba wagonjwa hawa wana kasoro katika jeni inayosimamia ubomoaji huo. Mtu aweza kuibeba kasoro hiyo bila kuugua, lakini wabebaji wawili wakizaa, kila mtoto ana uwezekano wa moja kwa nne wa kuugua. Wazazi wa Henri walikuwa binamu, mama zao wakiwa ndugu. Ndoa za namna hiyo zipo kwetu pia, na sikusudii kuzilaani, bali wahusika wamwarifu daktari.

Henri hakukaa kitako akilia. Alihamia Paris, akachora wacheza dansi, waimbaji na makahaba wa Montmartre kwa heshima waliyonyimwa na wengine. Tangazo alilolichorea ukumbi wa Moulin Rouge mwaka wa 1891 lilimpa sifa mji mzima. Hata hivyo, pombe na kaswende vilimmaliza, akafariki tarehe 9 Septemba 1901 akiwa na miaka 36.

Wahenga walitukanya kwamba hujafa hujaumbika. Basi mtoto akivunjika mara ya pili kwa kisa kidogo, asichapwe wala asipelekwe kwa mganga. Apelekwe hospitali, na mzazi aseme wazi kwamba hii si mara ya kwanza.