Mganga Joseph Goldberger

Joseph Goldberger alizaliwa mwaka 1874 katika kijiji cha Giraltovce, huko Ulaya ya kati. Alipokuwa angali mtoto, wazazi wake walihamia Marekani, wakakaa katika mji wa New York. Baba yake akafungua duka dogo. Joseph alisoma kwa bidii, na mwaka 1895 akawa mganga.

Mwaka 1899 aliingia kazi ya serikali. Baadaye akafanya kazi katika nyumba ya kuchunguza magonjwa mjini Washington. Nyumba hiyo ilikuwa mali ya serikali, kwa faida ya watu wote. Waganga wake walitumwa mahali ugonjwa ulipozuka. Goldberger mwenyewe alishikwa na homa ya manjano, tena na tifusi, lakini hakuacha kazi.

Wakati ule ugonjwa mbaya uliwasumbua watu wa Marekani ya kusini. Jina lake ni pelagra. Ngozi ya mikono na shingo huchubuka kama imeungua, tumbo huhara, akili hupotea, na mwisho mtu hufa. Maelfu ya watu walikufa. Waganga wengi walidhani kwamba pelagra inaambukiza, na watu wakawakimbia wagonjwa.

Mwaka 1914 Goldberger alitumwa kutafuta chanzo chake. Alitembelea nyumba za mayatima na za wenda wazimu. Akaona jambo la ajabu: wakaaji waliugua, lakini wauguzi waliokuwa nao kila siku hawakuugua. Katika nyumba moja ya mayatima mjini Jackson, watoto wa miaka 6 hata 12 ndio walioshikwa zaidi. Wadogo wao walipewa maziwa. Wakubwa wao, waliofanya kazi, walipewa nyama. Wale wa katikati walikula hasa unga wa mahindi na maji matamu ya miwa.

Goldberger akaagiza watoto wote wapewe maziwa, nyama, mayai na maharagwe. Muda wa mwaka mmoja, pelagra karibu ilitoweka.

Lakini wengi hawakusadiki. Basi mwaka 1915 wafungwa 11 wa Mississippi walikubali kula mahindi, wali, mkate mweupe na sukari, bila maziwa wala nyama. Gavana aliahidi kuwafungua. Baada ya miezi michache, 6 kati yao walionyesha alama za pelagra. Wote wakafunguliwa kama walivyoahidiwa.

Hata hivyo wabishi hawakunyamaza. Mwaka 1916 Goldberger na rafiki zake walijidunga damu ya wagonjwa, wakameza magamba ya ngozi yao na uchafu wao. Mke wake Mary naye alikubali kudungwa damu hiyo. Hakuna hata mmoja aliyepata pelagra. Hivyo ilionekana wazi kwamba ugonjwa huu hauambukizi.

Kwa nini basi watu walikula vibaya? Kwa sababu ya umaskini. Mashamba yalijaa pamba hata karibu na milango ya nyumba. Hapakuwa na nafasi ya bustani wala ya ng'ombe. Goldberger alisema hayo bila kuficha, na wakubwa wengi wa kusini walimkasirikia. Yeye akaendelea kutafuta dawa rahisi kwa maskini, akaona kwamba chachu ya pombe inaponya. Mwaka 1927, mto Mississippi ulipofurika, chachu hiyo iligawiwa kwa watu, na wengi wakapona.

Goldberger alikufa mwaka 1929, kabla ya kujua ni kitu gani hasa kilichokosekana katika chakula. Mwaka 1937 wataalamu wengine walikiona: ni vitamini iitwayo niasini. Nyumba ya Washington ilikuwa imekwisha kupewa jina la National Institute of Health mwaka 1930, na kazi yake inaendelea hata leo.

Mahindi si chakula kibaya, lakini hayatoshi peke yake. Anayekula ugali kila siku atafute pia samaki, karanga, maharagwe au nyama.

Maulizo
1. Alama za pelagra ni zipi?
2. Kwa nini wauguzi hawakuugua?
3. Mganga Goldberger alionyeshaje kwamba pelagra haiambukizi?
4. Kwenu mnakula nini pamoja na ugali?